Mhafidhina katika bunge la Texas: anavyoingia, anavyopata nguvu na anayemtoa

Swali: Nimepata uraia wa Marekani na ninaishi magharibi mwa Texas. Mwakilishi wetu katika bunge la jimbo ni Mrepublican mhafidhina wa siku nyingi. Wenzangu kazini wanasema analipwa dola 600 tu kwa mwezi, na kwamba uchaguzi wake huisha Machi, Novemba ni kukamilisha tu. Mtu kama huyu huingiaje, huishi vipi, nguvu huzipata wapi, na nani humtoa? Na mimi mwenye kura moja nimfikieje?

Jibu: Hongera kwa uraia, ndugu yangu. Wenzako wamekwambia kweli kwa yote mawili. Dola 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka, ndiyo mshahara wa kila mbunge wa Texas, awe mgeni au mkongwe. Haujapanda tangu 1975 kwa sababu uko kwenye katiba ya jimbo, na hauongezwi bila ridhaa ya wapiga kura. Na ni kweli kwamba viti vingi huamuliwa Machi, kwenye kura ya mchujo, ambayo wapiga kura huitumia kuchagua mgombea wa chama.

Nitakueleza kwa mfano wa mtu mmoja, Tom Craddick wa Midland, huko huko magharibi. Alichaguliwa 1968 akiwa na miaka 25, akaingia bungeni Januari 1969, na Januari 2025 akaanza kipindi chake cha 29. Katika historia ya bunge la Texas hakuna aliyekaa muda mrefu kama yeye. Amekuwa mmoja wa wachache waliodharauliwa, mwenyekiti wa kamati, Spika, Spika aliyeangushwa na wenzake, kisha mzee aliyesukuma muswada mmoja kwa miaka sita. Ukiifuata njia yake utaona kwamba mhafidhina wa Texas hupandishwa na watu wa upande wake, na wanaomshusha ni haohao. Chama pinzani kina nafasi yake, lakini mara nyingi ni ya kuongeza uzito pale Warepublican wenyewe wanapogawanyika.

Kuingia

Bunge lina mabaraza mawili. Bunge la Wawakilishi lina watu 150 wanaochaguliwa kila baada ya miaka miwili. Seneti ina 31 wenye vipindi vya miaka minne. Hakuna ukomo wa vipindi. Anayetaka uwakilishi awe raia, awe ametimiza miaka 21, awe ameishi Texas miaka miwili na ndani ya wilaya yake ya uchaguzi mwaka mmoja. Ada ya kugombea ni dola 750, au badala yake saini 500 za wapiga kura. Fomu hurudishwa kati ya wiki ya pili ya Novemba na Jumatatu ya pili ya Desemba. Ikiwa wilaya iko ndani ya kaunti moja, fomu hupelekwa kwa mwenyekiti wa chama wa kaunti. Ikiwa imekata kaunti kadhaa, hupelekwa kwa mwenyekiti wa chama wa jimbo. Wagombea wapya huangukia hapa: fomu haikuthibitishwa na mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia kiapo, sehemu fulani imeachwa wazi, au imerudishwa siku ya mwisho jioni na hakuna muda wa kurekebisha.

Hayo ni makaratasi. Kazi yenyewe ni hesabu ya wapiga kura. Kwa sensa ya 2020 kila wilaya ya Bunge la Wawakilishi ina wakazi wapatao 194,000. Lakini mchujo wa Republican wa Machi 2024, jimbo zima, ulivuta watu takriban milioni 2.3. Gawanya kwa wilaya 150, unapata wastani wa watu 15,500 hivi kwa wilaya. Pale ambapo Novemba ushindi wa Republican una uhakika, nusu ya hao pamoja na mmoja ndio wanaomchagua anayewasemea watu 194,000. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wawili wa juu hurudiana Jumanne ya nne ya Mei, na siku hiyo wanaojitokeza kwa kawaida huwa wachache zaidi. Mwezi wa Mei 2024, Dade Phelan, aliyekuwa Spika, alinusurika kwenye marudio hayo kwa tofauti ya kura chini ya 400 kati ya takriban 25,000 zilizopigwa. Spika mwenyewe, mtu aliyekuwa na fedha na jina, alibaki kwa kura zinazotosha kujaza ukumbi mmoja wa kanisa.

Wanaojitokeza Machi ni watu wenye umri mkubwa zaidi na wenye msimamo mkali zaidi kuliko wapiga kura wa Novemba. Wanauliza habari za kodi ya nyumba na ardhi, mpaka na Mexico, bunduki, utoaji mimba na shule. Wengi huja na orodha ya alama kutoka vikundi vya kihafidhina: mbunge fulani amepata 95, mwingine 60. Kura moja ya saa tano usiku kuhusu marekebisho ambayo hakuna aliyeyasikia inaweza kugeuka kipeperushi kwenye masanduku ya barua miezi kumi baadaye. Ndiyo maana utamwona mwakilishi wako akipiga kura nyingine kwa uangalifu ambao huuelewi ukiwa nje.

Craddick alipoanza, mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1969 Warepublican katika Bunge la Wawakilishi la Texas hawakufika kumi. Uchaguzi wa kweli ulikuwa mchujo wa Democrat, na mhafidhina wa kawaida wa Texas alikuwa Mdemocrat. Rick Perry, gavana wa baadaye, aliingia bungeni humo humo 1985 kama Mdemocrat na akahama chama 1989. Kanuni imebaki ileile kwa miaka hamsini na zaidi, kwamba mchujo wa chama kikubwa ndio uchaguzi. Chama ndicho kimebadilika.

Kula na kuishi

Mshahara wa dola 7,200 haulishi familia, kwa hiyo bunge hujaa mawakili, wenye biashara, wafugaji, madalali wa ardhi na wastaafu. Wakati wa kikao kuna posho ya siku inayowekwa na Tume ya Maadili ya Texas; katika kikao cha 2023 ilikuwa dola 221. Kwa siku 140 hiyo ni dola 30,940, na pango la nyumba Austin, makao makuu ya jimbo, linakula sehemu yake.

Faida ambayo watu wa nje hawaioni ni pensheni. Haihesabiwi kwa dola 600 hizo. Kwa miaka mingi imehesabiwa kwa mshahara wa msingi wa jaji wa wilaya wa jimbo, asilimia 2.3 kwa kila mwaka wa utumishi. Mwenye miaka minane bungeni anaanza kuichukua akifika 60, mwenye kumi na miwili akifika 50. Kwa mshahara wa jaji wa dola 140,000, uliotumika miaka kadhaa kabla ya 2025, mtu wa miaka minane alipata takriban dola 25,760 kwa mwaka. Ni zaidi ya mara tatu ya alichokuwa akilipwa alipokuwa kazini. Kwa hiyo ukiona mbunge anang'ang'ania kipindi cha nne, hesabu hiyo imo kichwani mwake pia.

Craddick ni mtu wa mafuta, na Midland ni mji wa mafuta. Ana biashara ya mali na hisa za visima, na amehusika kwa muda mrefu na kampuni inayouza tope maalumu linalomiminwa kisimani wakati wa kuchimba. Binti yake, Christi Craddick, ni kamishna wa Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina lake ndiyo inayosimamia mafuta na gesi. Mwingiliano wa namna hiyo, mbunge kutunga sheria za sekta inayomlisha, umejengeka ndani ya mfumo wa wabunge wa muda. Sheria haiukatazi moja kwa moja; inachodai zaidi ni mbunge atangaze mali zake. Kila mwaka, mwisho ukiwa 30 Aprili, hujaza taarifa ya mali na mapato kwa Tume ya Maadili, nayo ni waraka wa wazi. Isome ya mwakilishi wako kabla ya kusoma hotuba zake.

Fedha za kampeni ni habari nyingine. Texas haina kikomo cha kiasi ambacho mtu binafsi anaweza kumpa mgombea wa ubunge wa jimbo. Kampuni na vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kumpa mgombea moja kwa moja. Na kuanzia siku 30 kabla ya kikao cha kawaida hadi kifungwe, mbunge haruhusiwi kupokea mchango wowote. Ndiyo maana katika nusu ya kwanza ya Desemba, mwaka wa uchaguzi, Austin kuna tafrija za uchangishaji kila jioni. Taarifa kubwa hutolewa 15 Januari na 15 Julai, halafu siku 30 na siku 8 kabla ya uchaguzi. Hiyo ya siku 8 ndiyo inayofichua aliyeleta hela za dakika za mwisho.

Nguvu iko kwenye kalenda

Bunge la Texas hukutana kwa kawaida siku 140 tu kila miaka miwili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari katika mwaka wa namba witiri: 2023, 2025, 2027. Nje ya hapo ni gavana peke yake anayeweza kuliita, kwa siku zisizozidi 30, na kwa ajenda anayoiandika yeye.

Baada ya siku ya 60 huwezi kuleta muswada wa kawaida bila ruhusa ya wenzako wanne kati ya kila watano. Spika ndiye anayeupeleka muswada kwenye kamati, na mwenyekiti wa kamati ndiye anayeamua kama utasikilizwa. Ukitoka huko unaingia Kamati ya Kalenda, ambayo ndiyo inayopanga siku ya kujadiliwa ukumbini. Siku ya 122, saa sita usiku, ndiyo mwisho wa miswada ya Bunge la Wawakilishi kusomwa mara ya pili ndani ya bunge hilo. Usiku huo wabunge huuliza maswali marefu makusudi, au huibua hoja za utaratibu kwamba kuna kosa kwenye maandishi ya kamati, hadi saa igonge. Katika kikao cha 2025 miswada zaidi ya 8,000 iliwasilishwa. Iliyopita ni takriban 1,200.

Mhafidhina anayeamini serikali inapaswa kufanya machache hufurahia mfumo huu. Kuua muswada ni rahisi kuliko kuupitisha, na kwa mtazamo wake kuuua ni kazi iliyofanyika. Usimpime mwakilishi wako kwa idadi ya sheria zenye jina lake. Uliza alikaa kamati gani na nini kilizuiwa humo.

Craddick alipata kiti chake cha kwanza cha uenyekiti 1975, Kamati ya Maliasili, kwa kuteuliwa na Spika Mdemocrat, Bill Clayton. Alikuwa Mrepublican wa kwanza kuongoza kamati katika Bunge la Wawakilishi la Texas kwa zaidi ya miaka mia. Desturi ya Texas ilikuwa kuwapa wapinzani baadhi ya kamati ili wawe na sababu ya kushirikiana. Desturi hiyo ilidumu hata Warepublican walipotawala, huku wanachama wa msingi wakiipinga kila mwaka, hadi Januari 2025 ambapo kanuni mpya ziliamua kwamba wenyeviti wote watoke chama chenye wabunge wengi na wapinzani wabaki na umakamu. Mlango ambao Craddick aliupitia akiwa kijana umefungwa.

Uspika hupatikana kwa kura 76 za wabunge wenyewe, hadharani, siku ya kwanza ya kikao. Kwa kweli huamuliwa miezi mingi kabla, kwa ahadi za saini ambazo mgombea hukusanya mbunge mmoja mmoja. Warepublican walipopata viti 88 katika uchaguzi wa Novemba 2002, Craddick alikuwa tayari na saini zake. Januari 2003 akawa Spika wa kwanza wa Republican tangu enzi iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19.

Mwaka huo mmoja unaonyesha mhafidhina mwenye kiti hufanya nini. Bajeti ilikuwa na pengo la karibu dola bilioni 10. Waliliziba bila kuongeza kodi kuu, kwa kukata matumizi. Walipunguza fidia katika kesi za makosa ya madaktari: kwa maumivu na mateso, mbali na gharama halisi za matibabu na kipato kilichopotea, daktari hatozwi zaidi ya dola 250,000, na Septemba 2003 wananchi wakaidhinisha badiliko la katiba lililolipa bunge uwezo huo. Vyuo vikuu vya umma vikaachiwa kujipangia ada. Halafu wakachora upya mipaka ya wilaya za Bunge la Marekani, ingawa sensa mpya haikuwepo.

Hilo la mwisho ndilo lililoleta vurugu. Akidi, idadi inayotakiwa ili bunge lifanye kazi, ni theluthi mbili, yaani wabunge 100 kati ya 150. Mei 2003 Wademocrat zaidi ya hamsini walivuka mpaka hadi Ardmore, Oklahoma, ambako polisi wa Texas hawana mamlaka, wakakaa huko hadi tarehe ya mwisho ikapita. Gavana Perry aliita vikao maalumu vitatu. Katika cha pili maseneta 11 wakakimbilia Albuquerque. Oktoba ramani ikapita hata hivyo, na katika uchaguzi wa 2004 wabunge wa Republican wa Texas huko Washington wakapanda kutoka 15 hadi 21. Mbinu ya kukimbia ilirudiwa 2021 na tena 2025. Huchelewesha na huvuta macho ya nchi nzima, ila sheria yenyewe mara zote tatu ilipita mwishoni.

Anguko la Craddick halikutoka kwa waliokimbia. Mei 2007 wabunge wa vyama vyote, wakiwemo Warepublican waliochoshwa na mkono wake mzito, walitaka kuleta hoja ya kumwondoa kitini. Alikataa kumpa yeyote nafasi ya kuitoa hoja hiyo, akidai kwamba Spika peke yake ndiye anayeamua nani aseme na kwa jambo gani. Washauri wa kanuni za bunge walijiuzulu usiku uleule, akateua wengine. Kikao kiliisha akiwa bado Spika, lakini walioaibishwa hawakusahau. Uchaguzi wa 2008 ukaacha Republican na viti 76 dhidi ya 74. Warepublican 11 wakakutana, wakamchagua mwenzao Joe Straus wa San Antonio, wakaunganisha kura zao na za Wademocrat, na hesabu ikaisha. Craddick alijitoa kabla ya siku ya kura.

Hesabu hiyo haijafa. Januari 2025 Dustin Burrows alipata uspika kwa kura 85 dhidi ya 55, na kati ya hizo 85 za Wademocrat zilikuwa nyingi kuliko za chama chake. Waliomuunga mkono kutoka Republican walitishiwa kushughulikiwa kwenye mchujo unaofuata.

Muswada mmoja, miaka sita

Wengi wakivuliwa cheo namna ile hustaafu. Craddick alirudi kwenye kiti cha kawaida na kuchukua jambo dogo: kupiga marufuku kuandika ujumbe wa simu huku unaendesha gari. Lilitokana na kifo cha binti wa sekondari aliyepata ajali magharibi mwa Texas 2009 akiandika ujumbe. Wazazi wake waliizunguka Austin kwa miaka wakiomba sheria.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda, kwa sababu hapa ndipo unaona ubunge halisi. Mwaka 2011 marufuku ilipachikwa kwenye muswada wake mwingine, HB 242 (HB ni muswada wa Bunge la Wawakilishi), uliohusu silaha za polisi wastaafu, ikapita mabaraza yote mawili. Gavana Perry, mhafidhina mwenzake, akaupigia kura ya turufu mwezi Juni akisema serikali isiwaendeshe watu wazima kwa kila kitu. Bunge lilikuwa limeshafungwa, hivyo hapakuwa na mtu wa kuitengua kura hiyo. Miswada mingi hufika kwa gavana siku za mwisho za Mei, naye ana siku 20 baada ya kufungwa kwa kikao. Anapokataa, wabunge wako makwao.

Mwaka 2013 alirudi. Bunge la Wawakilishi likapitisha, ukafia Seneti. Mwaka 2015 vivyo hivyo: Seneti ilikuwa imeshusha kizingiti cha kuingiza muswada ukumbini hadi maseneta 19 kati ya 31, lakini hata hao hawakupatikana. Waliozuia walikuwa wahafidhina waliosema ni kuingilia uhuru wa mtu ndani ya gari lake, na kwamba polisi watapata kisingizio cha kumsimamisha yeyote. Muda wote huo mshirika wake Seneti alikuwa Judith Zaffirini, Mdemocrat wa Laredo. Mwaka 2017 muswada HB 62 ulipita kote, Gavana Greg Abbott akausaini Juni, ukaanza kutumika 1 Septemba.

Na umepunguzwa makali kwa namna ambayo wewe dereva unapaswa kuijua. Unakataza kusoma, kuandika au kutuma ujumbe gari likiwa kwenye mwendo. Ramani, muziki, dharura na simu isiyoshikwa mkononi vinaruhusiwa. Faini ya mara ya kwanza ni dola 25 hadi 99, ukirudia ni 100 hadi 200. Ikitokea kifo au jeraha kubwa, adhabu inafika dola 4,000 na kifungo cha hadi mwaka mmoja. Makali hayo yalipunguzwa ili kura zipatikane. Kwa maoni yangu sheria hii inaeleza uwezo wa Craddick kuliko uspika wake: hakuwa tena na cha kumpa mtu wala cha kumtishia, akabaki na subira, ujuzi wa kanuni na uwezo wa kufanya kazi na Mdemocrat bila kuacha kuwa mhafidhina.

Anayemtoa

Tukirudi kwenye swali lako la nani humtoa, mwaka 2024 ulijibu waziwazi. Novemba 2023 Warepublican 21 waliungana na Wademocrat, kwa kura 84 dhidi ya 63, kuondoa kwenye muswada mpango wa kuwalipia wazazi ada za shule binafsi kwa fedha za umma. Wengi wao walikuwa wa vijijini, ambako shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa na shule binafsi hazipo. Mapema mwaka huohuo wa 2023, Mei, Bunge la Wawakilishi lilikuwa limemshtaki Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, ili aondolewe madarakani, kwa kura 121 dhidi ya 23. Seneti ikamwachia Septemba. Gavana Abbott akawafuata waliopinga mpango wake wa shule, Paxton akawafuata waliomshtaki. Fedha zikaja kutoka mbali: tajiri wa Pennsylvania, Jeff Yass, alimpa Abbott dola milioni 6 kwa mkupuo mmoja. Nyingine zilitoka karibu, kwa Tim Dunn, tajiri wa mafuta wa Midland anayefadhili wagombea walio kulia zaidi.

Wabunge 15 wa Republican walioko madarakani walishindwa: tisa kwenye mchujo wa Machi 2024 na sita kwenye marudio ya Mei. Matangazo mengi dhidi yao hayakutaja shule kabisa. Yalizungumzia mpaka, suala ambalo hutikisa zaidi mpiga kura wa mchujo. Waliojitetea kwa kusema "nilipigia kura matakwa ya wilaya yangu" walikuwa wakisema kweli, lakini watu wa wilaya waliokubaliana nao wengi hawakuwa kwenye foleni ya Machi. Na matokeo hayakukawia: 3 Mei 2025 Abbott alisaini mpango wa shule wa dola bilioni moja.

Kuna njia nyingine za kutoka. Ramani mpya inaweza kumweka pamoja na mwenzake kwenye wilaya moja. Wengine hupanda: Paxton mwenyewe aliingia Bunge la Wawakilishi 2003, akaenda Seneti 2013, akawa Mwanasheria Mkuu 2015. Wengine huwa washawishi wa kulipwa Austin.

Wewe sasa

Jiandikishe siku 30 kabla ya uchaguzi. Ukihamia kaunti nyingine, jiandikishe upya. Mchujo ni Jumanne ya kwanza ya Machi, mwaka wa namba shufwa, na upigaji kura wa mapema hutangulia. Kwa sheria ilivyo hadi naandika, Texas haikuandikishi kichama: unafika kituoni, unasema unataka karatasi ya chama gani, unapewa. Kitambulisho kinaweza kuwa leseni ya Texas, pasipoti ya Marekani, au cheti chako cha uraia chenye picha.

Tovuti ya bunge ina sehemu ya kutafuta mwakilishi kwa anwani. Ana ofisi mbili, moja Austin na moja wilayani. Wakati wa kikao piga ya Austin. Taja jina, anwani, namba ya muswada na ombi lako, moja tu. Anwani ndiyo inayokupa uzito, kwa kuwa karani anaandika kama uko ndani ya wilaya. Usimpigie kuhusu viza au kadi ya ukaazi. Hayo ni ya serikali kuu na mbunge wa Washington. Wa jimbo mpelekee leseni za udereva, shule, leseni za kazi kama uuguzi, kodi ya nyumba, na bima ya afya ya watu wa kipato cha chini.

Muda ni jambo zito. Wazo la sheria lipeleke kabla ya Januari, kwa sababu miswada huanza kupokelewa Novemba baada ya uchaguzi. Februari na Machi ndipo kamati zinapofunguka masikio. Simu ya Mei kwa kawaida huwa imechelewa, isipokuwa unataka muswada ufe.

Ukitaka kutoa ushahidi mbele ya kamati, Bunge la Wawakilishi hutangaza siku tano kabla na Seneti saa 24 tu. Unajisajili kwenye mashine ndani ya jengo la bunge, unachagua kama unaunga mkono, unapinga au unatoa maelezo tu, kisha unasubiri, pengine hadi usiku. Utapewa kama dakika mbili au tatu. Kutoka Midland hadi Austin ni safari ya kilomita 500 hivi, kwa hiyo kwa Bunge la Wawakilishi unaweza kutuma maoni kwa maandishi kupitia tovuti yake kabla kikao cha kamati hakijafungwa.

Jambo la mwisho ni la marudio ya Mei. Ukishachukua karatasi ya Democrat Machi, huruhusiwi kupiga kura kwenye marudio ya Republican mwaka huo, na kinyume chake. Ambaye hakupiga kura Machi kabisa, lakini amejiandikisha, anaweza kuingia marudio ya chama chochote. Kwa wilaya kama yako, uamuzi wa karatasi gani uichukue Machi ufanye ukijua hilo.